Matope Yaliyoishinda Kaskazini

Kwa miaka yote ambayo mwanawe alikuwa Ulaya, Elida wa Rusimbi, Kigoma, alibeba mzigo ambao akina mama wengine wenye watoto wasomi hawaujui: kueleza mtoto anasomea nini. Mama wa mwanasheria husema "mwanasheria", na watu huanza hapo hapo kumsalimia vizuri. Elida alikuwa akianza na matope, anapita kwenye gesi, na kabla hajafika kwenye joto la dunia, msikilizaji ameshaangua kicheko.

"Kwa hiyo," alisema Yuliana, jirani yake na shoga yake tangu walipoolewa wote wawili mtaa ule, "Wazungu wamempandisha Anatoli ndege ili akapime ushuzi wa matope?"

"Si ushuzi. Ni methani."

"Ego, haya. Na hiyo methani inanuka?"

"Anasema hainuki hata kidogo."

"Basi ni ushuzi wa kistaarabu."

Habari yenyewe, kwa kadiri Elida alivyoielewa kwenye simu, ilikuwa hivi. Kule kaskazini mwa dunia, kwenye baridi isiyo na huruma, kuna mabonde mapana ya mboji: majani yaliyokufa tangu enzi za Nuhu, yakazama kwenye maji na kulala humo bila kuoza sawasawa. Sasa dunia imepata joto, barafu inayeyuka, na mboji imeanza kuamka na kupumua. Inachopumua ni methani. Methani ikipanda angani inaongeza joto, joto linayeyusha barafu nyingine, na mboji inazidi kupumua. Mabonde hayo yangeimeza Tanzania nzima na bado yakabaki na njaa. Watu wa kule, kwa kuwa ni waungwana, hawakukaa kimya mbele ya hatari hiyo. Waliyapima. Waliyapima kiangazi, wakayapima kwenye theluji, wakafanya mkutano, wakanywa kahawa, wakakubaliana kwamba hali ni mbaya na inafaa ipimwe tena. Anatoli alikuwa mmoja wa wapimaji hao, au tuseme alikuwa mbeba mabomba wa wapimaji hao, mpaka naye akatunukiwa udaktari.

Alirudi Kigoma akiwa Daktari Anatoli, amevaa buti za mpira zilizomfika magotini na kofia ya sufu ambayo hakuivua hata jua la Ujiji lilipomtoa jasho la utosini. Elida alimpikia ugali wa muhogo na migebuka, wale samaki wa ziwani, iliyoungwa kwa mawese. Anatoli alikula, akaongeza, akalamba vidole, kisha akamtazama mama yake kwa huruma.

"Mama, watu wa hapa hawajui wamekalia nini."

"Tumekalia nini?"

"Kinamasi cha Luiche. Dunia nzima inapima mboji ya kaskazini, na hapa kwetu hakuna aliyewahi kupima hata beseni moja."

"Na sisi tulikuwa tunasema siku zote, kitu gani kinatukosesha maendeleo," alisema Yuliana, ambaye alikuwepo kwa sababu palikuwa na migebuka.

Kinamasi hicho kiko chini bondeni, pale mto Luiche unapochoka na kutawanyika kwenye mafunjo kabla ya kuingia ziwani. Anatoli alikwenda kukiangalia kwenye kompyuta. Laiti angekwenda kwa miguu, angewakuta akina mama wa Rusimbi na mitaa ya jirani, sketi zimekunjwa magotini, wakiloweka mihogo. Mihogo michungu haiendi chunguni moja kwa moja. Inamenywa, inazamishwa kwenye maji yaliyotulia, inaachwa humo mpaka ilainike na sumu iishe, ndipo inaanikwa na kutwangwa. Harufu yake mgeni huikimbia, na mwenyeji aliyekuwa safarini huisikia akajua amefika nyumbani. Dimbwi la Elida aliachiwa na mama mkwe wake. Mumewe alipofariki, dimbwi hilo ndilo lililomvusha. Unga wake ulikuwa na wateja mpaka Mwandiga, na kila daftari ambalo Anatoli aliwahi kuandika lilitoka mle ndani ya maji.

Vifaa vya mradi vilikuja kwa lori. Yalikuwa masanduku ya plastiki ngumu, angavu kama kioo, yakasimamishwa kinamasini juu ya fremu za bati zilizochomekwa kwenye tope. Kila sanduku lilikuwa na mfuniko uliojifunga na kujifungua wenyewe kwa umeme wa jua, na bomba jembamba lililovuta hewa hadi kwenye mashine. Mashine ilipeleka matokeo Ulaya moja kwa moja, bila hata kusalimia mtu wa Kigoma. Mbele yake ulisimikwa ubao: MRADI WA PUMZI YA MATOPE. USIGUSE. HATARI.

Katika kinamasi chote kile, kipana mpaka jicho linachoka, masanduku yaliwekwa kwenye madimbwi ya akina mama. Elida alikwenda kumwona mwanawe kwa unyenyekevu wote.

"Mwana wanje, mwanangu, sogeza vitu vyako kidogo. Pale ndipo tunapoloweka."

"Mama, pale palichaguliwa na setilaiti."

"Basi iambie ichague pengine."

"Setilaiti haiambiwi, Mama."

Elida alishangaa kwamba kuna kitu huko juu kisichoombeka, maana alikuwa ameombea huko maisha yake yote. Lakini hakutaka kumwaibisha mtoto mbele ya wafanyakazi wake. Akina mama walihamia ukingoni, karibu na njia ya wapita njia, na hapo wakakutana na wezi. Mwizi wa mihogo iliyolowekwa ndiye mwizi mvivu kuliko wote duniani: anakungoja ulime, ung'oe, ubebe, umenye, uloweke, halafu yeye anakuja kuopoa tu. Yuliana alifika asubuhi moja akakuta maji matupu. Alitukana mpaka akaishiwa na Kiswahili, akahamia Kiha, kisha akashika kiuno, akiyatazama masanduku yaking'aa kule kati.

"Shoga," alisema, "hivi mwizi anajua kusoma?"

"Kwa nini?"

"Tangu ubao usimikwe, hata bata hajapita pale."

Elida alielewa mara moja, na alikataa kwa muda wa kutosha ili asionekane mtu asiye na adabu. Ni kazi ya mwanangu, alisema. Ni vitu vya wenyewe. Kisha akajiuliza ni nani aliyemzaa mwanawe huyo, na jibu alilijua. Jioni hiyo hiyo mihogo yake ilikuwa imezama ndani ya fremu ya bati, chini ya mfuniko wa kisayansi, ikilindwa na neno HATARI.

Haikuwahi kutokea mihogo ikalainika namna ile. Jua lilipiga kwenye plastiki, maji yakawa vuguvugu, na muhogo uliingia mgumu ukatoka unabonyea kwa kidole. Kabla mwezi haujakatika kila sanduku lilikuwa na mwenyewe, na akina mama waliyaita kwa majina ya wenye nayo: la Mama Recho, la Yasmini, la Yuliana. Siku za ukaguzi hazikuwapa shida. Anatoli, kama msomi yeyote anayejiheshimu, alikuwa na ratiba, na ratiba aliibandika kwenye mlango wa ofisi. Alipofika na buti zake alikuta mihogo imeshaopolewa, maji yametulia, na akina mama wako mbali kule ukingoni, wanamsalimia kwa heshima zote.

Halafu siku moja alifika nyumbani kwa mama yake akikimbia, kofia mkononi.

"Mama! Tumewapita!"

"Kina nani, baba?"

"Kaskazini! Luiche inatoa methani kuliko kinamasi chochote nilichokipima kule. Wamerudia hesabu wakidhani mashine imeharibika. Haijaharibika!"

Elida alipiga kigelegele. Hakuelewa kwa nini kutoa gesi nyingi kuwe ushindi, lakini alimwona mtoto wake ana furaha, na hilo lilimtosha. Kesho yake sokoni Ujiji aliwatangazia wauza dagaa wote kwamba matope ya hapa yamewashinda Wazungu kwao. Watu walimpongeza. Mkoa wa Kigoma si wa kwanza katika mambo mengi, na mtu huchukua ushindi anapoupata. Kwamba jambo hilo lina uhusiano wowote na mihogo, halikumpitia kichwani. Mashine ilikuwa ya kupima tope, na muhogo si tope.

Ujiji ukajaa habari za Anatoli. Redio ilimhoji. Ulaya walitangaza kwamba watafungua kituo cha utafiti Kigoma na mkuu wake atakuwa yeye, na Profesa Halvorsen, mzee aliyemfundisha, atakuja mwenyewe kukiona kinamasi cha ajabu. Anatoli akapewa nyumba ya mkuu wa kituo kule Bangwe, yenye madirisha yanayotazama ziwa na bafu la kujilaza kama kitanda. Kabla hajahamia, alikuja kula kwa mama yake na kumletea habari nzuri zaidi.

"Kinamasi kitazungushiwa uzio, Mama. Hazina kama ile hailindwi na ubao tu."

Elida aliacha kusonga. "Uzio upite wapi?"

"Kuzunguka chote. Hakuna mtu kuingia."

"Na sisi tutaloweka wapi?"

"Mtazoea, Mama. Kuna kitu pale kinalisha tope. Hesabu zilianza kupanda ghafla tu, kama vile kuna mkono unaingiza chakula. Lazima tupalinde mpaka tukijue."

Mwiko ulibaki umesimama katikati ya sufuria. Elida alihesabu nyuma kichwani: lini zilipanda, na lini yeye na Yuliana walihamia kwenye masanduku. Ilikuwa wakati mmoja. Hapo ndipo alipoelewa kwamba muhogo nao ni chakula hata cha matope, na kwamba ule uzio alikuwa akijijengea mwenyewe, beseni baada ya beseni. Alikaa chini. Alimweleza mwanawe yote, tangu mwizi hadi majina ya masanduku, na hakujaribu kumsingizia Yuliana zaidi ya ilivyostahili.

Anatoli alisubiri amalize. Alikata tonge, akalichovya kwenye mawese, akala.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Najua, Mama. Nilijua tangu wiki za mwanzo. Mimi nimekulia kwenye harufu hiyo. Unadhani baridi imeniua pua?"

"Na ukanyamaza?"

Anatoli alitazama sahani. Alisema kwamba kule kaskazini alikuwa amebeba mabomba ya watu kwenye theluji mpaka vidole vikafa ganzi, na kila utafiti ulipotoka, jina lake lilikuwa la mwisho, na mara nyingine walilikosea. Leo wao ndio wanampigia simu yeye. Leo wanamwita Daktari. Je, akawaambie nini, kwamba ni mihogo ya mama yake? Atarekebisha mambo baadaye, kituo kikishasimama. Alichoomba ni kitu kidogo tu: siku ya Profesa, akina mama watoe mihogo yao, wakae nyumbani, na midomo ifungwe.

"Baadaye" ni neno zuri sana, halijawahi kumdai mtu tarehe. Elida hakuumia kwa sababu mwanawe amewadanganya Wazungu. Wazungu ni watu wazima, wana wazazi wao wa kuwahurumia. Kilichomuumiza ni kwamba mtoto alikaa pale kwenye kigoda chake, anatafuna ugali wake, huku akijua kwamba uzio unakuja kumtoa mama yake majini, na tonge halikumkwama kooni hata mara moja. Alitoka nje akajifanya anatafuta kuni, na huko nyuma ya jiko akalia.

Siku ya Profesa, akina mama wote walitoa mihogo yao kama walivyoombwa. Wote isipokuwa mmoja.

Profesa Halvorsen alikuwa mzee mrefu, mwekundu, mwenye macho mema, na alipofika kinamasini alivua kofia kama mtu anayeingia kanisani. Anatoli alimtembeza kwenye daraja la mbao, akimwonyesha masanduku. Nyuma yao walifuatana wageni wengine wenye kamera, na afisa uhamasishaji wa mradi, Diana, binti wa Dar es Salaam mwenye sauti ya mtangazaji. Walipofika sanduku la katikati, Elida alitokea kwenye mafunjo, maji yakimfika mapajani. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka.

"Shikamoo, Profesa," alisema, ingawa walikuwa sawa kwa umri, maana alijua anachotaka kufanya kinahitaji adabu ya akiba. Kisha akainua mfuniko, akaingiza mikono yote miwili, na kuutoa muhogo mnene, mweupe, unaochuruzika, akauinua juu ili kila mtu auone. Harufu ikawafikia wote darajani. Mgeni mmoja alipiga hatua nyuma nusura atumbukie.

Elida alimgeukia mwanawe.

"Mwambie," Elida alisema. "Mwambie kwamba hii ni mihogo yetu. Sisi ndio tumeiweka humu, na matope hayana hatia. Tumekosa, tunaomba radhi. Ila wasituzungushie uzio, kwa sababu hapa ndipo tunapokula. Mwambie hivyo hivyo, mwanangu."

Profesa alimgeukia Anatoli akisubiri. Diana alikuwa mwisho wa msafara, mbali, ameziba pua kwa leso. Hapakuwa na mkalimani mwingine. Anatoli alimtazama mama yake, kisha akaanza kusema, mwanzo kwa kusitasita, halafu maneno yakashika kasi. Elida alikuwa amesema machache, lakini kwa Kiingereza yalitoka mengi, na alifikiri labda lugha yenyewe ndivyo ilivyo, haina njia ya mkato. Alimwona Profesa akikunja uso. Akamwona akifungua macho. Kisha mzee yule akacheka kwa furaha, akashuka majini na viatu vyake vya ngozi, akamshika Elida mkono uliojaa utelezi wa muhogo na kuutikisa kwa nguvu. Wageni wakapiga makofi. Kamera zikalia. Waliomba ainue tena muhogo, na yeye akainua, akitabasamu.

"Amesemaje?" alimwuliza mwanawe.

"Anakushukuru, Mama. Anasema umeisaidia sana sayansi."

"Na uzio?"

"Hakutakuwa na uzio."

Elida aliwahi kufurahi maishani, alipomzaa huyu huyu na siku mbili tatu nyingine, lakini si kama siku ile. Mwanawe alikuwa amesema ukweli mbele ya wakubwa, kwa mdomo wake, na ukweli haukumla. Alimwombea kanisani. Alimwambia Yuliana kwamba mtoto akilelewa vizuri, hata Ulaya haiwezi kumharibu. Yuliana alisema inawezekana, kwa sauti ya mtu ambaye bado anangoja kuona.

Na kweli uzio haukuja. Kilichokuja ni semina.

Akina mama wote walialikwa kwenye ukumbi mmoja pale Ujiji, soda ikiwa imepoa, na Elida alikalishwa mstari wa mbele kama mgeni wa heshima. Anatoli alikaa meza kuu. Diana alisimama, akawasalimia akina mama kwa uchangamfu, akawasha mashine ya picha. Kwenye kitambaa cheupe akatokea Elida, mkubwa kuliko ukuta, kitenge cha Pasaka kimelowa, ameinua muhogo, anatabasamu. Ukumbi ulishangilia. Kisha Diana akabonyeza tena, na mstari mwekundu mnene ukapita juu ya picha, kutoka begani hadi kiunoni, ukamkata Elida vipande viwili.

"Chanzo," alisema Diana kwa sauti yake nzuri, "kimejulikana. Kama mnavyofahamu, Daktari Anatoli alikuwa na wasiwasi na desturi ya kuloweka mihogo. Kwa ubunifu mkubwa akawaomba akina mama, wakiongozwa na mama yake mzazi, waweke mihogo ndani ya masanduku kwa makusudi, ili tupime madhara. Profesa mwenyewe amesema ni jaribio la kishujaa. Kuanzia sasa kuloweka mihogo bondeni ni marufuku. Mgambo watapita."

Elida alimtazama mwanawe pale meza kuu. Anatoli alikuwa ameanza kusoma maandishi ya kwenye chupa ya maji, na aliyasoma kwa makini sana.

"Mbadala wake ni nini?" aliuliza Yuliana kutoka nyuma.

"Mbadala," alisema Diana, "ni elimu, ambayo ndiyo hii mnayoipata."

Elida alisimama. "Binti yangu, nina swali. Yale mabonde ya kaskazini, yanayotoa gesi usiku na mchana, watu wa kule wamepigwa marufuku gani?"

Diana alitabasamu, kwa kuwa jibu alikuwa nalo. "Kule ni asili, Mama. Asili haizuiliki."

"Kwa hiyo kilichozuilika dunia nzima ni beseni langu."

"Maswali mengine baada ya chakula," alisema Anatoli haraka.

Chakula kilikuwa ugali wa muhogo. Wageni wa mradi walikuwa wamesisitiza wapewe chakula cha asili ya Kigoma, na Daktari Anatoli alikula sahani mbili. Elida hakugusa. Alikaa akitazama kile kitambaa ambacho hakuna aliyekumbuka kukizima, akijiangalia mwenyewe anavyocheka chini ya ule mstari mwekundu. Aliona aibu, si ya muhogo, ila ya lile tabasamu. Alikuwa amesimama majini amevaa vizuri, anatabasamu kwa ajili ya mwanawe, na wakati huo huo mwanawe alikuwa anamuuza kwa lugha asiyoijua.

Hakumgombeza. Kumgombeza daktari mbele ya watu ni kumpa nafasi ya kueleza, na kueleza alikuwa amesomea. Alirudi Rusimbi, akafungasha nguo zake, akawaita akina mama wenzake. Asubuhi yake msafara wa mabeseni ya mihogo iliyoopolewa bondeni ulishuka Bangwe, na mlinzi wa nyumba ya mkuu wa kituo akauliza wanaenda wapi.

"Mimi ni mama yake," alisema Elida. "Nimekuja kukaa kwa mwanangu."

Kwa neno hilo hakuna geti la Kigoma lisilofunguka. Mlinzi alimwamkia, akasaidia hata kubeba.

Anatoli aliporudi mchana alisikia harufu kabla hajashuka kwenye gari. Majirani wake, wakubwa wa ofisi mbalimbali, walikuwa wameshafunga madirisha. Alipita sebuleni, ambako mihogo iliyokwisha kulainika ilikuwa imetandazwa kwenye sakafu ya vigae, akafika mlango wa bafu. Lile bafu la kujilaza lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, maji meupe kama ya mchele, mapovu yakipanda polepole na kupasuka. Kando yake mapipa mawili ya maji ya akiba yalikuwa na mihogo ya Yuliana. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda, anamenya.

"Shikamoo, Mama," alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, baba. Umeshindaje?"

"Mama, huwezi kufanya hivi."

"Bondeni ni marufuku. Humu ndani hakuna mgambo." Alitupa ganda kwenye beseni. "Au unataka kunifukuza? Nenda kawaambie watu wa Ujiji kwamba umemfukuza mama yako. Nitangoja hapa."

Povu kubwa lilipanda kwenye bafu likapasuka, na kwa mazoea ya kupima Anatoli akaangalia saa. Kisha akakumbuka jambo, na uso ukamshuka.

"Profesa anarudi wiki ijayo. Atafikia humu humu, ndani ya nyumba hii. Mama, nakuomba. Akiuliza kwa nini mkuu wa kituo anaivundika mihogo bafuni kwake, nitamwambia nini?"

Elida alichukua muhogo mwingine, akaupasua ganda kwa ncha ya kisu, akalivua lote kwa mkupuo mmoja. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, lakini kisu hakikusimama.

"Mimi Kiingereza sijui, baba. Mkalimani ni wewe."